Wapagazi wa Risasi

Kanyenye, Tabora
4 Machi 1951

Dada yangu mpenzi Veneranda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Sisi huku ni wazima, mimi na mke wangu, ila Tekla anakohoa kidogo na lawama zote analitupia jiko langu. Shemeji hajambo? Na mpwa wangu Getruda? Mtama umekaaje mwaka huu huko Lusu?

Kuhusu hilo jiko nikueleze mwenyewe kabla wifi yako hajakuandikia. Unamkumbuka yule Bruda wa misheni aliyenifundisha useremala, aliyekuwa akitengeneza sanamu ndogo za pango la Noeli? Ile kazi nimeirudia. Mchana napokea mizigo stesheni, jioni nakaa uani nasubu watu wadogo wa risasi. Kwanza nachonga mfano wa mti, urefu wa kidole. Naukandamiza kwenye plasta mbichi, upande huu kisha upande huu. Plasta ikikauka naunganisha nusu zote mbili, ndiyo kalibu yenyewe, halafu namimina risasi niliyoyeyusha kutoka mabomba mabovu. Ukifungua, mtu yumo, anang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Kisha nasugua kwa tupa, kisha rangi. Macho ndiyo magumu. Nikipaka macho sipumui.

Mwezi wa nane kuna maonyesho hapa mjini. Nimeazimia kupeleka msafara wa babu yetu Lugembe, alipokwenda pwani na watu wake. Ila ninachojua ni kwamba alikuwa mnyapara wa wapagazi, na kwamba alirudi na ng'ombe. Nenda kwa Shangazi Nyamizi, umuulize walikuwa wangapi na walivaa nini. Ndiye pekee aliyebaki aliyemwona baba yake akiwa hai.

Mimi mdogo wako,
Modest


Lusu, Nzega
27 Machi 1951

Mdogo wangu Modest,

Milele amina, na marahaba. Pasaka tumeila vizuri. Shemeji yako anasumbuliwa na goti, lakini shambani anafika. Mpe Tekla pole ya kifua, na wewe uhamishe hilo jiko.

Habari kubwa ni kwamba Getruda amechumbiwa. Mchumba ni Alois, mtoto wa Raymundi, wale wa karibu na kisima. Watu wapole, wanasali. Arusi tumeipanga Julai, baada ya mavuno.

Nimekaa na Shangazi. Macho yake yamefifia lakini akili ipo. Anasema babu alitoka hapa na vijana tisa, wote wa Lusu. Walivaa kaniki kiunoni, na njuga miguuni za kusikika kutoka mbali. Babu alitangulia na kitambaa chekundu kichwani. Walipofika Ugogo ndui ikawapiga, wakafa wote tisa, akarudi peke yake. Hayo tunayajua tangu utoto.

Halafu akaniuliza jambo moja. "Modest anawafanya wanakwenda au wanarudi?"

Nikasema, "Wanakwenda, Shangazi."

"Wanatazama wapi?"

"Mbele, nadhani. Walipokuwa wanakwenda."

Akauacha uji ukapoa. Nikadhani amesinzia, kumbe macho yalikuwa wazi.

Dada yako,
Veneranda


Kanyenye, Tabora
6 Mei 1951

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kwa Getruda. Huku tuko salama, na kifua cha Tekla kimetulia. Nakuandikia nikiwa na jambo ambalo nimeshindwa kulielewa, na nakuomba usinicheke.

Wapagazi nimeshawasubu wote kumi, babu na vijana tisa. Mfano wa mti ulikuwa mmoja, kalibu ilikuwa moja. Kwa kawaida ukifungua kalibu unakuta mshono mwembamba ubavuni, pale nusu mbili zinapokutana. Huo naujua, naupiga tupa dakika mbili umekwisha. Hawa wamekuja na mshono mwingine. Unazunguka shingo, mnene, umesokotwa. Kwenye kalibu haupo, nimepitisha ukucha mara nyingi. Babu nilimsubu wa tano, katikati yao, na yeye alitoka shingo safi. Wanne kabla yake na watano baada yake wote wanao.

Nikawasugua, nikawapaka rangi. Baada ya siku mbili rangi ya shingoni ikapasuka na mshono ukawa umerudi. Tekla alikuja kunipa chai, akainama kuwatazama.

"Mbona umewafunga?" akaniuliza.

"Sijawafunga."

"Modest, hiyo ni kamba."

Hayo ningeyavumilia. Lakini nilikuwa nimewapanga mezani bega kwa bega, babu mwanzoni, wote wanatazama dirisha la mashariki. Jumatano nilirudi kula chakula cha mchana nikakuta wote tisa wamegeuka, wanamtazama babu. Meza hakuna aliyeigusa, Tekla alikuwa sokoni na ufunguo ninao mimi. Nikawanyoosha. Alhamisi vilevile. Sasa siwanyooshi tena.

Muulize Shangazi kama kuna kitu tusichokijua.

Mdogo wako,
Modest


Lusu, Nzega
21 Mei 1951

Modest,

Sisi wazima.

Barua yako nilimsomea Shangazi, na najuta. Tangu siku hiyo hali chakula kingine zaidi ya uji, na anakaa amegeuzia zizi mgongo. Sitamuuliza tena.

Babu yetu alikuwa mtu wa watu. Zizi hili tunalofungia ng'ombe alilijenga yeye. Ardhi tunayolima aliifyeka yeye. Watoto wake wote aliwalea mpaka wakawa na miji yao. Raymundi anaposalimiana nami ananiita mjukuu wa Lugembe, na anaitamka kwa heshima. Binti yangu anaolewa baada ya miezi miwili. Sitaki maneno ya kamba kwenye barua ambazo huku watu huzisikiliza zikisomwa.

Viyeyushe vitu hivyo. Tengeneza ng'ombe, tengeneza treni.

Dada yako,
Veneranda


Kanyenye, Tabora
17 Juni 1951

Dada,

Shikamoo. Nakuomba radhi kwa kukuudhi. Barua hii isome peke yako.

Nilikutii. Jumamosi iliyopita, baada ya kazi, niliwasha mkaa, nikawatia wote kumi kwenye chungu cha chuma. Risasi ni laini, dada, huchukua muda wa kuvuta sigara moja. Babu alilainika mara moja. Alianzia miguuni, akainama, akaisha. Wale tisa wakabaki. Nikaongeza mkaa, nikapepea mpaka chini ya chungu kukawa kwekundu. Rangi iliungua ikatoka, macho niliyowapaka yakaenda na moshi, na wao wamesimama wima vilevile ndani ya babu aliyeyeyuka, amewafika magotini, kama watu wanaovuka mto.

Tekla alitoka jikoni akaona. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Watoe humo. Wameungua vya kutosha."

Nikawatoa kwa koleo mmoja mmoja. Nimewaosha. Wamekaa kwenye sanduku langu la vifaa, nimewatandikia kitambaa, na sijui kwa nini nimewatandikia.

Dada, risasi ni ile ile, nimeimimina kutoka kijiko kimoja. Shangazi anajua. Mwache aseme kabla hajafa nalo.

Mdogo wako,
Modest


Lusu, Nzega
1 Julai 1951

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mwili ni mzima.

Shangazi amesema. Sikumuuliza. Jana asubuhi nilikuwa namsuka nywele, akaanza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi.

Alikuwa na miaka minane. Baba yake alikuwa amerudi misimu miwili nyuma na ng'ombe wake, na kilio cha vijana tisa kilikuwa kimekwisha. Siku moja, jua limesimama kichwani, watu wote wako shambani, akaja mtu mlangoni. Amekonda, kamba imemla shingo pande zote. Akamwambia, "Mtoto, nipe maji." Shangazi akampa. Akanywa, akaomba tena, akanywa. Ndipo akamtambua. Alikuwa Mhoja, aliyekuwa akimchongea vijiti vya kuchezea.

Alikimbia kumwita baba yake kwa furaha, Modest. Alidhani analeta habari njema.

Babu alipofika, Mhoja akamuuliza, "Wenzangu wanane wako wapi, Lugembe? Tulilala watu huru, tukaamka tumefungwa. Ulipokea nini?"

Babu akamshika mkono. "Twende tukaongee," akasema. Wakazunguka nyuma, mahali alipokuwa anajenga zizi. Baada ya muda babu alirudi peke yake, akachota maji akanawa, akamwambia Shangazi, "Leo hukumwona mtu." Kesho yake akamaliza zizi.

Ndui haikuwapo. Miaka sabini Shangazi amekaa na hilo. Ng'ombe wamelala juu yake kila siku, na sisi tumekunywa maziwa yao.

Mhoja ni babu yake Raymundi. Getruda anaolewa na damu yake tarehe ishirini na moja. Raymundi amekwisha kukata nguzo za banda la arusi. Niambie ninyamaze, Modest. Ukiniambia wewe nitanyamaza.

Dada yako,
Veneranda


Kanyenye, Tabora
8 Julai 1951

Dada yangu,

Shikamoo. Pole, pole sana. Laiti ningekuwa karibu.

Sitakuambia unyamaze. Nimejaribu kuiandika barua hiyo na mkono umekataa. Lakini pia si haki uyabebe hayo peke yako, kwa kuwa ni mimi niliyeyaamsha kwa michezo yangu. Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi tarehe kumi na nne nitapanda lori la Nzega. Ningoje, twende kwa Raymundi pamoja. Nitawaleta hao tisa ndani ya sanduku. Nimeona niwarudishe Lusu.

Maonyesho nimejitoa. Mezani pangu ni patupu, na bado Tekla hapiti upande ule.

Kuna jambo dogo. Tangu Jumatatu nasikia njuga. Si masikioni tu, kwa sababu kuku wa jirani nao huinua vichwa. Zinatoka upande wa barabara ya zamani ya misafara, mchana kweupe, zinapita taratibu, kama watu waliochoka. Sizihofii. Ninachohofia ni kwamba zikinyamaza ninazitafuta.

Mdogo wako,
Modest


Lusu, Nzega
29 Julai 1951

Modest, mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Popote barua hii itakapokukuta, ikukute mzima. Umekula? Una blanketi?

Nisamehe, sikukungoja. Nilipopata barua yako Jumanne niliogopa kwamba nikilala nayo sitaamka na ujasiri. Nilikwenda kwa Raymundi mchana ule ule. Alikuwa anachonga nguzo. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia yote. Shoka lilibaki mkononi mwake muda mrefu, nami sikunyanyua kichwa.

Mwishowe akauliza, "Shangazi yako alimpa maji?"

"Alimpa."

"Akanywa?"

"Akanywa mara mbili."

Akaweka shoka chini, akalia kama mtoto. Kisha akaniinua.

Ng'ombe tuliwahamisha. Alois na shemeji yako wakachimba, na walimkuta si chini sana, amekunjwa. Ijumaa Padre alikuja, tukamzika Mhoja kwao, kijiji kizima kikiwapo. Shangazi alibebwa kwa kiti mpaka kaburini. Akatupa udongo, akasema, "Nimekuona." Alikufa Jumanne iliyofuata, mimi sipo, akiwa amelala; wanasema uso wake ulikuwa laini.

Jumamosi ile uliyotuahidi tulisimama barabarani. Lori likaja bila wewe. Dereva alinikabidhi kofia yako. Anasema hamkuwa mmefika Isikizya ulipogonga kibanda cha mbele cha lori ukitaka kushuka. Akakuuliza kuna nini, ukasema, "Wale pale ni watu wa kwetu." Yeye hakuona mtu. Ulishuka na sanduku lako ukaelekea porini kwa haraka, ukiwaita wakusubiri.

Tulikutafuta siku tisa, mimi, Raymundi na Alois, kwa miguu, tukiifuata njia ya zamani kuelekea mashariki. Nilimwambia Raymundi hana deni nasi, arudi nyumbani. Akanijibu, "Na wewe hukuwa na deni la kuniambia." Siku ya pili tuliona viatu vyako, vimepangwa vizuri kando ya njia, na sanduku liko wazi, tupu. Siku ya nne tukamkuta mama mmoja, Mwanahawa, anachota maji kwenye bwawa. Alikuona. Anasema mlipita mchana kwa mstari, njuga zikilia, na ulikuwa wa mwisho, pekupeku. Alikusalimu, nawe ukaitikia vizuri. Akakuuliza mnakwenda wapi, ukamwambia, "Nawasindikiza." Nilimuuliza mlikuwa wangapi. Akafikiri, akasema wanane, na wewe wa tisa. Mhoja hakuwamo.

Baada ya bwawa lile hakuna aliyekuona. Miguu yangu ilivimba, ikabidi nirudishwe kwa baiskeli ya katekista.

Tekla yuko hapa nami. Hataki kuvaa nguo za msiba, na hakuna anayemlazimisha. Arusi haikufanyika. Alois amesema anaoa siku mjomba wa bibi arusi atakapokuwapo, na Getruda amekubali. Nguzo za banda Raymundi ameziacha zimesimama.

Barua hii nimeiandika mara nne, neno kwa neno. Nimezituma Itigi, Saranda, Manyoni na Dodoma, kwa wakuu wa stesheni, maana watu wa reli wanakujua, na reli inapita karibu na njia mnayoifuata.

Kabla Shangazi hajafa nilimwomba majina ya wale wanane. Aliyataja yote, hakusita hata kwa moja. Masele. Nkwabi. Kasanda. Shija mkubwa na Shija mdogo. Lubinza. Mayunga. Kapela, ambaye mama yake alikufa akimngoja. Padre ameyasoma kanisani Jumapili mbili sasa, na kila jina likitajwa kuna mtu anasimama anasema, huyu ni wetu.

Waite kwa majina, Modest. Waambie yanasomwa.

Dada yako,
Veneranda