Jani la Isale Kwenye Nyumba ya Vioo

Brooklyn Park, Marekani, Jumamosi, mwezi wa nane, 2007

Leo jua limewaka tangu asubuhi, na sasa saa mbili ya usiku bado linaning'inia, halijui kwenda kulala. Mwili umechoka na moyo umechoka zaidi. Nuru, mjukuu wangu aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni, anaoga. Naandika kwa kidole kimoja. Shule sikwenda, herufi nilizipata ukubwani kwenye kisomo cha jioni, kwa hiyo mkiona nimekosea someni hivyo hivyo.

Nilitaka kitu kimoja tu kabla sijarudi nyumbani Alhamisi. Watoto wangu wawili wasemeshane.

Elirehema ni wa kwanza, anahudumia wazee huko Coon Rapids. Aikande ni mdogo wake, ndiye ninayekaa kwake, yeye na bintiye Nuru. Kwa gari unatoka kwa huyu unafika kwa yule ugali haujaiva. Lakini tangu baba yao afe, mwaka juzi, hawasemeshani.

Mzee alipokufa makaratasi ya Elirehema yalikuwa bado hayajakamilika. Angetoka Marekani asingerudi. Akabaki. Aikande akaja kwetu Machame, tukazika. Aliporudi huku, watu wamekusanyika kuwapa pole, akasema mbele ya wote kwamba kaka yake amechagua makaratasi akamwacha baba.

Basi. Tangu nifike huku, Elirehema akija kunipeleka kanisani hapandi ngazi. Anapiga honi huko chini, mimi nashuka. Muda wote niliokaa hapa, mlango wa dada yake hajaugusa.

Viza yangu inaisha, na miguu hii sidhani kama itapanda ndege tena. Nikawapigia simu, mmoja mmoja, nikasema nataka tutembee mahali siku moja, sisi sote, na asiyekuja asinililie nikifa. Wakakubali. Sasa ikawa tuende wapi. Kwa huyu, yule haendi. Nuru akasema shule yao iliwahi kuwapeleka kwenye jumba la zamani nje ya mji, lina bustani kubwa, siku hizi anaingia yeyote. Nikasema hapo hapo. Mahali pasipo pa mtu, hakuna wa kusema hapa ni kwangu.

Jumba lenyewe lilikuwa la tajiri aliyepata mali kwa kusaga ngano. Ndani vitanda vimetandikwa, vikombe vimepangwa mezani, na kamba imefungwa mlangoni usiingie. Hakuna anayelala, hakuna anayekunywa. Nyumba kubwa hivyo na haina hata harufu ya moshi. Nilitoka upesi. Nje ni maua mpaka macho yanachoka, shamba lote lile na hakuna hata mgomba mmoja. Nikamuuliza Nuru hawa watu walikuwa wanakula nini. Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza chake, nikaelewa kwamba walikuwa wananunua.

Elirehema alitembea mbele na wanawe wawili. Aikande nyuma, pamoja nami. Nikisimama kunusa ua, Elirehema naye anasimama kule mbele kutungoja, anaangalia miti.

Nilikuwa nimepika ndizi na nyama tangu alfajiri, sufuria moja kubwa, makusudi. Elirehema akatoa kuku wa dukani kwenye gari lake. Watoto walikula huku na kule, hawajali. Elirehema hakugusa sufuria yangu, ilitoka jikoni kwa dada yake. Ndizi zile zile nilizomlisha kabla hajaota meno.

Halafu tukaingia kwenye nyumba ya vioo wanamofugia mimea isiyopenda baridi. Elirehema alibaki nje. Ndani kulikuwa na joto zuri, kama migombani kwetu mvua ikishapita. Na pale kwenye kona, ndani ya chungu, nikaliona isale.

Kwa msiojua, kwetu Uchagani isale si la kupamba. Linapandwa mipakani, linapandwa makaburini. Na ukimkosea mtu unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, yamekwisha. Kulikataa hakuna. Nimeona wanaume waliotaka kukatana mapanga wakilipokea.

Sikuwaza. Nikachuma.

Mama mmoja wa kizungu mwenye makasi akaja mbio mbio, akasema kwa upole, lakini uso umemwiva, kwamba vya hapa havichumwi. Aikande akaomba radhi mpaka akainama. Mimi nilikuwa nafunga fundo. Nikamwambia Nuru amweleze kwamba nina watoto wawili na Alhamisi naondoka. Sijui alimwelezaje. Yule mama alinitazama, akalitazama jani, akaenda kumwagilia upande mwingine.

Nikampa Aikande. "Mpelekee kaka yako."

Alitaka kubisha. Ana mdomo huyu, kaurithi kwangu. Halafu akaliona fundo. Akalishika kwa mikono miwili na kutoka nalo.

Elirehema alikuwa kwenye nyasi, karibu na ukuta wa jumba. Nilimwona akimwona dada yake anakuja. Nikaona amelijua jani.

Akaingiza mikono mifukoni.

Nilifika nikihema. Aikande amenyoosha mikono, analia, anasema, "Kaka, nilikosa. Nisamehe." Elirehema hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"La kaburini kwa Baba mlilipanda bila mimi, Mama," akasema. "Mlinishikia simu nisikie. Nikasikia beleshi la kwanza, kadi ya simu ikaisha. Nilikuwa ndani ya gari, pale kazini. Nikafuta uso, nikaingia kumwogesha baba wa watu."

 

Akasema si kwamba anakataa. Ni mikono ndiyo haitaki kutoka. Akawaita wanawe, wakaenda kwenye gari.

Sijawahi kuona isale likirudi na aliyelipeleka.

Njiani nilimkasirikia. Nilimkasirikia mpaka tukafika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa. Hasira ikaisha, nikabaki na lile beleshi. Kumbe miaka hii miwili nilidhani kidonda ni maneno ya Aikande. Nikawa nashughulika na maneno. Mtoto wangu hajazika. Sisi tulizika, tukaimba, tukala, tukalala wote nyumba moja, na asubuhi tukaamka tunajua mzee hayupo. Yeye alisikia udongo mara moja, kisha akasikia kimya, na yuko kwenye kimya hicho mpaka leo.

Na hakuna aliyemsimulia. Dada yake hamsemeshi. Mimi nilifikiri simu ilitosha.

Jani nimeliweka kwenye glasi ya maji, dirishani, na fundo lake. Aikande kapita mara kadhaa, analitazama, anarudi chumbani.

Alhamisi Elirehema ndiye wa kunipeleka uwanja wa ndege. Atafika, atapiga honi huko chini kama kawaida yake. Safari hii sishuki. Nitakaa kwenye kiti, sanduku pembeni. Acha apige. Apige mpaka majirani wafungue madirisha. Sanduku ni zito, na mama yake ni mzee, atapanda tu.

Na asipopanda? Hilo sijui. Nimelifikiria na sijui.

Akipanda, simtajii msamaha. Jani libaki pale dirishani, mikono yake ikiwa tayari italiona yenyewe. Nitamwambia akae. Mimi nitasimulia na Aikande atakumbusha nitakaposahau: baba alivalishwa nini, nani alianzisha wimbo, mvua ilianza saa ngapi, nani alishika mche wa isale na upande gani ulipandwa.

Tutaanzia beleshi la pili. Ndege kama haiwezi kungoja, iende.