Mama Ameiona Picha Yangu

Makambako,
14 Agosti 1953

Kwa dada yangu mpenzi Hulda,
Iwawa.

Kamwene, dada. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba kile kikohozi ulichoniandikia mwezi wa sita kimekuacha. Shemeji hajambo? Baridi ya huko inawaruhusu kutoka nje asubuhi, au bado mnasubiri jua lipande? Sisi hapa tu wazima. Ema amepata nguvu tangu ajifungue, na Mikaeli ana miezi miwili sasa, analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Mama yuko nasi wiki ya tatu hii. Alikuja kutoka Kichiwa kumwogesha mjukuu wake. Naye ni mzima, tena mzima kuliko nilivyopata kumwona, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka nilikuandikia kwamba mwaka jana niliitwa Njombe, mtaa wa Ramadhani, kuwatengenezea milango watu waliokuja kupiga picha ya sinema. Walijenga nyumba ya udongo yenye kuta tatu tu, ili mashine yao ipate pa kuchungulia, nami nikapachika mlango na dirisha. Yaliyofuata sikukuandikia. Mtu waliyemleta acheze kama mume alishikwa na homa siku ya pili. Bwana wa picha akatupanga mafundi, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, akaninyooshea mimi kidole. Basi, dada, nimo katika sinema.

Hadithi yenyewe ni hii. Mume anakunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anauza mahindi ya chakula, anampiga mkewe, na bwana shamba akija kumshauri anamgeuzia mgongo. Mwisho njaa inaingia nyumbani, mume anatubu, analima matuta kama alivyoelekezwa, na watu wote wanacheka mbele ya mahindi marefu. Mke alichezwa na Margareth, binti anayefua nguo hospitali.

Siku ya kupiga picha ya ugomvi, bwana wa picha alitaka nipige kelele na kutupa vyungu. Nikafanya mara mbili, naye mara mbili akatikisa kichwa. Nikamwomba mkalimani amwambie aniache nifanye nijuavyo. Nikaingia, nikavua kofia, nikaitundika kwenye msumari. Nikakunja mikono ya shati, mmoja, kisha wa pili, bila haraka. Nikamwita mke kwa jina lake la ubatizo, kwa sauti ya chini, nikainua mkono. Kisha nikaketi mezani nikasema, "Leta maji ninawe." Maneno hayo hakuna aliyenipa. Mkono wangu haukumgusa Margareth hata kidogo, lakini machozi yaliyomtoka hayakuwa ya mchezo. Bwana wa picha alinishika mkono kwa furaha, akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamjibu kwamba sijui.

Wiki iliyopita gari la sinema lilifika hapa Makambako. Mwenye duka mmoja alitoa ghala lake la mahindi, wakaziba madirisha kwa mablanketi, na saa tisa mchana ndani ikawa giza tupu. Kwanza walituonyesha josho la ng'ombe. Halafu ikaja picha ya misheni, ya mjane mcha Mungu anayeonewa na jirani yake tajiri. Hii nimeifikiria sana. Yule jirani mbaya unamjua tangu anaingia: nyusi zake, macho yake, hata anavyokula. Ema aliniambia sikioni kwamba ingekuwa heri Mungu angewatia alama hivyo na wabaya wa kwetu. Watu wengi walilia kwa ajili ya mjane, lakini walilia kwa raha, maana walijua tangu mwanzo kwamba ataokolewa.

Kisha nikaja mimi. Mwanzoni ghala zima lilicheka, wakaniita, "Fundi! Fundi Anania!" Nilipotundika kofia kicheko kilikatika. Nilipoagiza maji, mzee Nahumu aliyekuwa ameketi karibu yangu alisogeza kigoda chake mbali kidogo. Tangu siku ile mteja mmoja amekuja kuchukua meza yake, akamvuta Ema pembeni kumwuliza kama anaishi kwa amani. Ema alimjibu kwamba anaishi vizuri, lakini nilimwona akinitazama mikono.

Kristofa, mtu anayezunguka na gari la sinema, ana desturi ya kuwauliza watu maoni yao na kuyaandika. Wanaume walisema mengi. Mmoja alisema mlevi wa ulanzi hayumbi hivyo, nimeyumba kama mlevi wa pombe ya dukani. Mwingine aliuliza mahindi yale ni ya mbegu gani. Wanawake walinyamaza. Ndipo Mama akasimama, Mikaeli akiwa mgongoni.

Dada, unamjua Mama. Umewahi kumsikia akisema mbele ya watu? Alisema kwa Kibena, pole pole, na Kristofa akawa anasubiri afasiriwe. Alisema, "Huyu mtu hakutubu. Mtu wa namna hii hatubu kwa sababu ya mahindi. Nimekaa na mmoja miaka thelathini na miwili. Tena mmesahau jambo: kabla hajavua kofia, anafunga mlango kwanza."

Kisha akaketi, akamshusha Mikaeli mgongoni, akampa Ema amnyonyeshe.

Mle ghalani walikuwamo watu waliomjua Baba. Alikuwamo mwinjilisti Yosefu, ambaye miaka mitatu iliyopita alisimama kwenye kaburi la Baba akasema kanisa limepoteza nguzo. Tulipotoka nje alimfuata Mama, akamwambia kwamba yeye hakujua. Mama akamkumbusha kwamba kila Majilio alikuwa akila kwetu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake njia.

Sasa, dada, sehemu hii usimsomee shemeji. Uisome peke yako.

Umekwisha kujua kofia ile ilikuwa ya nani. Nilimchukua Baba mzima mzima, nikamtia katika picha, nikapewa mkono kwa ajili yake. Lakini si hilo ninalotaka kukiri. Wewe ulikuwa ukisimama mbele ya Mama. Mara ngapi kofi lilikuangukia wewe! Na mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nikileta maji. Nikiwa na miaka saba, minane, nilikuwa nimejua ni wakati gani wa kwenda mtungini, na bakuli lilikuwa limejaa kabla Baba hajaagiza. Aliniita mtoto mwenye akili, nami nilifurahi. Nilifurahi, Hulda, na wewe ulikuwa umekaa sakafuni umeshika shavu. Ulipoolewa huko mbali nilinung'unika kwamba umemkimbia Mama. Sasa nadhani ulinikimbia na mimi. Nakuomba unisamehe. Kama huwezi sasa, niandikie hivyo hivyo kwamba huwezi.

Mama nilimwambia juzi jikoni. Hakuacha kumenya alichokuwa akimenya. Alisema alikuwa akiniona kila mara, na alishukuru kwamba angalau mtoto mmoja hakupigwa. Nilitoka nje nikapiga randa ubao ambao haukuhitaji kupigwa randa.

Tangu siku ile ghalani Mama anasema. Asubuhi anasema, akifagia anasema. Alirudi kesho yake kuitazama picha ile mara ya pili, akahesabu maneno ya mke: kumi na moja, na manne kati ya hayo ni "ndiyo". Akamwagiza Kristofa awaandikie wakubwa wake kwamba picha ijayo wampe mke maneno. Kristofa ameandika, nimeiona karatasi kwa macho yangu.

Jumatano Mama anapanda lori kuja kwako. Anataka kukaa hadi mvua za kwanza. Kuna mambo hajatuambia mimi na Ema. Anasema hayo ni ya binti yake. Usimwambie apumzike kwanza, wala usimwambie yamepita. Akianza kusema, hata viazi viungue jikoni, usinyanyuke.

Ema anakusalimu, na Mikaeli angekusalimu kama angejua kitu kingine zaidi ya kulia. Mpe shemeji mkono wangu, na watoto wote.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja jibu lolote utakalolitoa,

Anania