Simu Moja ya Ndolahun

Dada Jeneba,

Nakusihi, haya yasitoke kinywani mwako, hata kwa mama.

Wananchi hututumia habari za wagonjwa kwa simu, nasi ofisini tunachora ramani ya kipindupindu. Zinazojirudia kutoka namba moja, mimi huzifuta. Za Ndolahun nilifuta thelathini. Jana ndipo nikakumbuka kuwa kijiji kizima hutumia simu ya Kpana, muuza chumvi. Walikuwa wagonjwa thelathini, dada.

Nikamwambia mkuu. Akacheka: "Vandi bwana, ramani imeshafungwa, dawa zimekwenda kwingine. Ukiropoka, kazi huna."

Shangazi Hawa yuko kule. Nampigia Kpana, hapokei.

Ukisikia lolote, usinipigie ofisini. Mwachie ujumbe Musu, muuza mihogo wa kivukoni. Nitapita kwake kila asubuhi.

Mdogo wako,
Vandi