Shule ya Josette Imefungwa

Mtaa wa Annette,
New Orleans, Louisiana.
Tarehe 28 Mei.

Mpendwa mpwa wangu Odile,

Nakusalimu. Natumaini baridi ya huko Anchorage imepungua na zamu za hospitalini hazijakuchosha mno. Sisi huku tu wazima. Mama yako anasumbuliwa na goti, lakini jana, Jumatatu, alipika maharage mekundu kama kawaida. Binti yako Josette amerefuka. Gauni la Pasaka limeshambana.

Uliniomba nikueleze shule yake ilikufaje. Imefungwa Ijumaa iliyopita. Jiji halikuongeza mkataba wa bodi iliyokuwa ikiiendesha, kwa sababu alama za kusoma zilikuwa zikishuka tangu mwaka juzi.

Bodi ile ni ya mawakili na watu wa benki. Ni watu wa heshima, ila hakuna mwenye mtoto pale. Wana desturi ya kuyafunga mambo yasiyo na ubishi katika kifurushi kimoja na kuyapitisha kwa "ndiyo" moja, bila kuyasoma. Mwaka juzi niliketi nyuma na mama yako katika mkutano wao mmoja. "Ndiyo" ikasemwa, kisha wakajadili rangi ya uzio karibu saa nzima. Ndani ya kifurushi mlikuwa na azimio la kufuta kazi ya Bi. Guillory, aliyekuwa akiwafundisha wadogo kusoma, mmoja mmoja.

Wazazi huruhusiwa kusema baada ya kura. Mama yako alisimama.

"Mheshimiwa, kuku mmeshamchinja, ndiyo mnaniuliza alikuwa na rangi gani?"

"Waambie, Bi. Célestine!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka.

Mwenyekiti hakukasirika. Alimwinamia jirani yake, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Kwani hilo lilikuwemo?"

"Lilikuwemo."

"Basi limeshapita. Asante, mama. Muda wako umekwisha."

Mimi nami sikukasirika siku ile, wala leo sina hasira. Tulirudi nyumbani tukala.

Josette ana miaka tisa sasa. Akifika kwenye neno refu, hutazama picha na kubahatisha. Namsomesha kila jioni. Anatii, lakini haulizi kitu.

Bahati nasibu ambayo jiji hugawia watoto nafasi za shule imempa nafasi katika shule ya ng'ambo ya mto. Basi litampitia kabla ya mapambazuko. Shule ile nayo ina bodi yake, nayo hupiga kura kwa mtindo huohuo, nimekwenda kutazama. Tusipothibitisha kufikia Ijumaa hii, nafasi itapotea. Mama yako anataka abaki nasi. Mimi nilimwuliza mtoto mwenyewe angependa kusoma wapi.

"Popote tu, babu," akanijibu, akaendelea kula.

Mtoto wa umri ule hapaswi kujibu hivyo, kama sisi wazee tuliokwisha kuzoea. Njoo umchukue, akasome huko kwako. Mama yako nitazungumza naye mimi.

Binamu yako Ignace na mkewe Verna wanakusalimu. Mungu akutangulie kazini na njiani.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Alcée Fontenette