Mama mkwe alihamishia plasta jicho bovu

Mpendwa Mukunde,

Nakuandikia nikiwa nimepumua kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, lakini msaada wako bado nauomba. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Shimwa, ana miaka mitatu na nusu, tunakaa Batsinda, mchana nafanya kazi kwenye mkahawa kule Gisimenti na mtoto anabaki na mama mkwe aliyetoka Bujumbura kuja kutusaidia, na kusema kweli anamlea vizuri, mtoto anakula, anacheka, ananenepa. Sasa niliona Shimwa anainamisha kichwa akitazama picha, nikampeleka kwa daktari wa macho, akasema jicho la kushoto lenyewe halina ugonjwa ila ubongo umezoea kulisikiliza la kulia tu, akampa miwani na akaniambia nibandike plasta kwenye jicho zima, yaani la kulia, kwa muda wa saa nne kila siku, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Nikabandika kila asubuhi kabla ya kutoka, nakuapia, hata siku ambazo macho yangu mwenyewe yalikataa kufunguka kwa uchovu.

Baada ya wiki tano tukarudi kliniki, hakuna mabadiliko. Daktari akaniuliza, "Mnabandika kweli?" Nikamjibu "Kila siku!" kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeitwa mwongo.

Halafu ikaja Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulipomaliza nikambandika mtoto, nikatoka kwenda kazini, nikafika kituoni nikakumbuka simu, nikarudi. Nakuta plasta iko jicho la kushoto!

"Mama, Nyogokuru amehamisha," mtoto akasema, akimaanisha bibi yake, huku anachezea kijiko.

Mama mkwe wala hakushtuka. "Mama Shimwa, nani amekufundisha kufunga kizima ukaacha kigonjwa? Kidonda kikiwa mguu wa kushoto, bendeji utafunga kulia? Wanawake wa kanisani wakija hapa wananiuliza kama tunampofusha mtoto, mimi nijibu nini?"

Kumbe ilikuwa hivyo kila siku, wiki zote tano. Nikamwambia maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama wa mumewe, siyaandiki hapa.

Jumatatu nilirudi kwa daktari kukiri, nikijua ataniambia jicho limekwisha. Hakunigombeza. Alimpima tena yote mawili, akasema, "La kulia halijadhurika, na la kushoto bado lina muda. Mmepoteza wiki tano, hamjapoteza jicho." Mukunde, nilikaa kwenye ngazi za kliniki nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Sasa shida ni hii, tangu siku ile naenda na Shimwa kazini, anakaa nyuma ya kaunta, plasta anaibandua kwa kuchoka na mimi nina sahani mikononi, nyumbani mama mkwe ameanza kukunja vitenge vyake na kuvitia kwenye begi, na mume wangu Clovis anasema, "Hayo ni yenu wanawake." Nimwache mama mkwe aondoke? Siwezi kumwamini tena, lakini bila yeye sijui nani atamshika mtoto.

Mama Shimwa, Batsinda

*

Mama Shimwa,

Pole, na hongera. Kurudi kwa daktari na kusema "tulikosea" si kazi ndogo, na wewe uliifanya kwa miguu yako. Futa machozi, sasa nikugombeze.

Ulimwachia mama mkwe plasta, hukumwachia sababu. Mama aliyelea watoto na kufunga vidonda miaka yote ataweka bendeji wapi kama si penye ugonjwa? Alikosea kwa akili timamu na kwa mapenzi. Na wewe kwa wiki tano hukuwahi kukaa naye ukamweleza.

Basi mweleze hivi, nilivyoelezwa na muuguzi wa macho. Mtoto wa mtu, kama wa paka au wa nyani, huzaliwa nyuzi za fahamu zikiwa zimeshatoka kwenye macho kwenda kwenye ubongo, ila hazijatulia. Ni kama ndugu wawili waliorithi shamba moja mlimani. Kila mmoja anashika sehemu anayoilima. Mmoja akizembea, mwenzake anasogeza mpaka, na mtoto akishakuwa mkubwa kuurudisha ni kazi ngumu sana. Jicho la kulia la Shimwa limesogeza mpaka. Ukilifunga, unamwambia mwenye nguvu apumzike ili mnyonge ashike jembe. Ukifunga la kushoto, umemnyang'anya mnyonge hata jembe lenyewe. Mama mkwe wako hahitaji shule kuelewa hilo.

Wageni wakimuuliza, awajibu: "Limepumzishwa, linamsubiri mwenzake." Utaona watakavyonyamaza.

Usimpeleke mtoto tena nyuma ya kaunta. Huko plasta haikai, na wewe utaanguka kwa uchovu. Usimwache mama huyo aondoke kwa hasira pia. Mwombe radhi kwa yale usiyotaka kuyaandika. Hujakosea kulinda jicho, umekosea mdomo. Clovis naye awepo, akae kwenye kiti, asikie. Mtoto ni wake, na huyo ni mama yake. Akisema ni mambo ya wanawake, mwambie jicho halina jinsia.

Siku ya kliniki, muende na mama mkwe. Aingie ndani. Daktari alifunge la kulia mbele yake, na yeye mwenyewe amwonyeshe Shimwa picha, aone mtoto anavyohangaika. Akitoka pale atakuwa mkali kuliko wewe. Atakugombeza ukichelewa dakika tano.

Akiona yote hayo na bado akahamisha, hapo tafuta mtu mwingine wa kumshika mtoto, bila matusi na bila kurudi nyuma. Lakini nadhani hutafika huko.

Leo ukitoka kazini usipitie popote. Ingia, msalimie kwa mikono miwili, kisha vitoe vile vitenge kwenye begi uvirudishe kabatini wewe mwenyewe.

Mukunde