Maji ya moto, mkwe na mdomo wangu

Jumanne. Milima ya Uluguru imejifunika mawingu tangu asubuhi, mvua inanyesha kidogo, inaacha. Na mimi hivyo hivyo. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi.

Wanaonijua kijiweni Msamvu wanaujua mdomo wangu. Shule niliishia kidato cha pili, lakini abiria wa kuikataa bodaboda yangu nikishamsemesha bado hajazaliwa. Sijisifu, nasema ilivyo.

Wiki hii mdomo huo umenitoroka.

Mke wangu Zena kajifungua mtoto wetu Shani kwa upasuaji, leo siku ya kumi na mbili. Mama yake kateremka kutoka Mkuyuni kuja kumkanda, kama walivyokandwa wanawake wote wa kwao: taulo la maji ya moto, tumbo linakandamizwa, kisha linafungwa kanga mpaka pumzi inakuwa ya kuomba. Kazi yangu ni kuchemsha maji na kufikisha ndoo mlangoni. Ndani siingii.

Juzi Zena kaninong'oneza, "Baba Shani, mshono unavuta. Nesi alikataza nisikandwe. Mwambie mama, mimi naogopa."

Nikamjibu, niachie mimi, kazi ndogo hiyo.

Nikamkuta mkwe anachambua mchicha. Shikamoo mama. Marahaba baba. Nikausifia mchicha, nikatoka. Jana nikausifia tena, na alikuwa anachambua maharage. Utaanzaje kumwambia mkweo habari za tumbo la binti yake? Nikapeleka ndoo. Nikamsikia Zena anaguna, nikaenda kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Hilo ndilo linaloniwasha mpaka sasa.

Leo nimefika mlangoni na ndoo, nikasikia sauti ya Zena. Haikuwa kubwa.

"Mama, leo hapana."

"Tumbo litabaki hivyo hivyo, mumeo akucheke."

"Alishacheka sana, mama. Leo nimejitazama kwenye kioo, mshono nimeushika kwa mkono wangu. Mimi ndiye ninayejua panauma wapi."

Mimba ilipokuwa kubwa nilikuwa namwita Fuso, kama lori, na yeye anacheka. Nilidhani anacheka. Na tangu tumetoka hospitali kioo cha kabati kimefunikwa kitenge, nikajua ni mambo ya vumbi.

Mkwe akatoka. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ndiyo maana mchicha wangu ukasifiwa mno."

Akaninyang'anya ndoo, akaenda kufulia nepi za Shani. Mpaka jioni hii hajasema na mtu. Sijui kakasirika, sijui anawaza yake, sijui kesho atataka nimpeleke kwenye gari la Mkuyuni.

Zena ananyonyesha. Kitenge kimetoka kwenye kioo, kajifunga yeye kifuani. Nilipoingia hakujifunika tumbo kama siku zote. Nikatafuta utani wa kusema, nikakosa. Nikamuuliza tu panauma wapi.

Akanionyesha. Sikuwahi kupaona.

Kesho nampeleka kliniki wautazame huo mshono. Asubuhi moto nitawasha, lakini wa uji. Na mkwe akiuliza ndoo ya maji iko wapi, safari hii nitajibu mimi.