Afya ya Mwanaisha

Jumatano, baada ya alasiri

Na mimi nilikuwa nashukuru! Kila aliyesema, "Mashallah, Mwanaisha ana afya," nilikuwa naona ananisifu mimi mamake.

Asubuhi daktari kamsikiliza kifua, kaniambia pumzi inambana kwa sababu ya unene. Nikamwambia mafuta nimeshapunguza kwenye mchuzi. Akacheka. "Siyo ya chupani, mama. Haya ya mwilini." Anasema hayo hayakai bure, yanatoa homoni. Homoni hiyo inauambia ubongo kwamba tumeshiba, tena inasaidia kusukuma pumzi. Mafuta yakizidi, inapiga kelele mpaka ubongo hausikii tena. Wataalamu bado wanachunguza, anasema.

Tangu hapo situlii. Miaka ile ya foleni za unga na mchele nilikuwa nampikia mchicha kwa maji na chumvi, mbavu zake zinahesabika. Maduka yalipojaa nikaapa hatalala na njaa tena. Sikumnyima kitu. Sasa nianzeje?

Tuliporudi nyumbani Mabawa, jirani yangu Bi Zuhura katukuta mlangoni. "Afya hiyo, Mwanaisha! Wewe utaolewa na tajiri!" Mwanangu akataka kucheka, pumzi ikambana, akashika ukuta. Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani.

Mchana nimempakulia wali nusu sahani. Akaniangalia.

"Mama, mchele umeadimika tena?"

Nikamwambia upo, mwanangu, upo tele. Kisha nikapunguza na wangu mpaka tukalingana, tukala.